Jinsi ya Kujifunza Kioromo Ukiwa Tayari Unajua Kiswahili

Mtu akipangiwa kazi Moyale au Marsabit, au akifungua duka Isiolo, mara nyingi huambiwa asihangaike, Kiswahili kitamtosha. Kitamtosha ofisini. Kisimani, kwenye mnada wa mifugo, au mbele ya mama aliyemleta mtoto zahanati kutoka mbali, hakitamtosha. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa yeyote mwenye majirani Waoromo mtaani Eastleigh, au anayejiandaa kwenda Ethiopia.

Nimeuandika kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili makusudi. Vitabu vingi vya Kioromo vimeandikwa kwa Kiingereza. Humfundisha mwanafunzi kwa kurasa nyingi mambo ambayo wewe unayo tangu utotoni, kisha hupita mbio pale pale utakapokwama.

Hatua ya 1: Amua unajifunza lugha ya nani

Waoromo ndio kabila kubwa kuliko yote Ethiopia. Sensa ya mwaka 2007 iliwahesabu zaidi ya milioni 25, yaani kama mtu mmoja katika kila watatu nchini humo. Upande wa Kenya lugha hii huzungumzwa na Waborana na Wagabra wa Marsabit, Moyale na Isiolo, Wasakuye, Waorma wa Tana River, na Wawaata. Ni lugha ya Kikushi, ndugu wa Kisomali na Kirendile. Kwa Kiamhari ina undugu wa mbali tu, ingawa wageni wengi hudhani kila Mwethiopia anasema Kiamhari na basi.

Wenyewe huiita Afaan Oromoo. Kenya utasikia zaidi Kiborana au Kiorma, na hapo ndipo uamuzi wako wa kwanza ulipo. Lugha ya maandishi, ile ya magazeti na vitabu vya shule za Oromia, jimbo la Waoromo huko Ethiopia, imeegemea sana lahaja za magharibi, hasa Wallagga. Borana, Guji na Arsi ni za kusini, na Harar mashariki ina mambo yake. Msemaji wa Wallagga na wa Isiolo wataelewana, ila maneno ya kila siku yanatofautiana. Kitu kizuri ni "gaarii" huko magharibi, na "dansa" kwa Mborana.

Ushauri wangu: kama utaishi kaskazini mwa Kenya, soma maandishi ya kawaida lakini sikiliza Waborana, na wakisema tofauti na kitabu, wafuate wao. Kitabu hakitakuuzia mbuzi.

Jambo moja kabla hujafungua mdomo. Vitabu vya zamani, vya Kiswahili pia, huwaita watu hawa Wagala. Kwao ni tusi. Usilitumie hata kwa mzaha, na usijitetee kwamba ndilo jina la mbuzi weupe wanaofugwa Kenya.

Hatua ya 2: Alfabeti, na herufi tano za kujihadhari nazo

Kioromo huandikwa kwa herufi za Kilatini, mfumo unaoitwa Qubee, uliopitishwa rasmi mwaka 1991. Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu. Enzi za Haile Selassie lugha hii haikuruhusiwa shuleni wala ofisini. Onesimos Nesib, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na akasomeshwa na wamisionari wa Sweden, alitafsiri Biblia nzima akisaidiwa na Aster Ganno. Ilichapishwa mwaka 1899 kwa herufi za Kiethiopia. Herufi zile hazionyeshi irabu iliyorefushwa wala konsonanti iliyokazwa, na Kioromo bila hivyo viwili hakisomeki vizuri.

Kwa mwanafunzi, historia hii ina maana moja ya vitendo. Mzee aliyesoma shule Ethiopia kabla ya 1991 anaweza kuwa bingwa wa lugha na bado akasoma Qubee kwa kusitasita. Usimpe karatasi akusomee. Muombe azungumze.

Irabu ni zako: a, e, i, o, u, vilevile kama za Kiswahili. Herufi sh, ny, j na ch pia unazo tayari. Sasa zile zenye mtego:

c – si "ch" ya kawaida, ni ch ya kupasuka. Caffee ni jina la baraza la kutunga sheria la Oromia.
q – k ya kupasuka. Si qaf ya Kiarabu, haitoki ndani kooni. Mfano: qaalii, ghali.
x – t ya kupasuka. Xaafii ni ile nafaka ya kupikia mkate wa Kiethiopia.
ph – p ya kupasuka. Usiisome "f".
dh – hii nitaieleza peke yake.

Sauti za kupasuka hutoka hivi. Bana pumzi kooni kama mtu anayeinua gunia zito. Ukiwa bado umebana, sema "k". Itatoka kavu, na mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika. Hiyo ndiyo q. Fanya vivyo hivyo na t upate x. Ukiweka kiganja mbele ya mdomo hutakiwi kuhisi hewa. Watu wengi huipata siku hiyo hiyo. Kazi ni kuikumbuka katikati ya sentensi.

Dh ndiyo inayowaponza Waswahili kuliko wengine wote, kwa kuwa tukiiona tunasoma dhahabu na dhambi. Sahau. Dh ya Kioromo iko karibu zaidi na d ya "dada" jinsi asemavyo mtu wa pwani, ile d inayovuta hewa kidogo kuingia ndani, ila ncha ya ulimi ikunjwe nyuma kidogo. Sema "dada" taratibu, rudisha ulimi nyuma, kisha sema dhugaa, yaani ukweli. D ya kawaida ya Kioromo ni nyepesi, kama ile ya "ndizi" ukiondoa n.

Kuna pia alama ya ' inayoitwa hudhaa. Ni mkato wa sauti kooni: re'ee (mbuzi), ja'a (sita), taa'i (keti). Usiiruke.

Hatua ya 3: Kurefusha na kukaza

Hapa kaa sana. Ningekuwa na mwanafunzi wa wiki mbili tu, wiki moja na nusu ningeimalizia hapa.

Irabu moja ni fupi, mbili ni ndefu. Dhana hii si ngeni kwako: kufa na kufaa, kua na kuua. Tofauti ni kwamba Kiswahili hufanya hivyo kwa maneno machache, Kioromo kwa karibu kila neno. Lafa ni ardhi. Laafaa ni laini. Ukivuta irabu ovyo kwa sababu unafikiri, umesema neno jingine.

Konsonanti nazo hukazwa. Waliopita madrasa wanalo jina lake, shadda, kama vile kurefusha irabu wanakujua kwa madda, na nimeona watu wa madrasa wakizipata sauti hizi haraka kuliko wenye shahada za isimu. Hatuu ni kuiba, hattuu ni mwizi. Badaa ni kibaya, baddaa ni nyanda za juu penye baridi. Gadaa ni ule mfumo wa uongozi wa marika, unaopokezana madaraka kila miaka 8 na ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2016. Gadda ni huzuni. Mtu anayekusifia utamaduni wake hapendi umjibu kwa kumpa pole.

Zoezi ni hili. Tafuta msemaji, mpe jozi tano za namna hiyo, azitamke bila mpangilio nawe uonyeshe kwa kidole ni ipi. Usitamke chochote mpaka sikio lako lipate zote tano bila kukosea. Wengi hukimbilia kusema, na ulimi hauwezi kutenganisha kitu ambacho sikio halijakitenganisha.

Hatua ya 4: Salamu

Hapa utajisikia nyumbani. Asubuhi Mworomo hukuuliza Akkam bulte?, umelalaje? Baadaye ni Akkam oolte?, umeshindaje? Wakati wowote: Akkam jirta?, u hali gani? Jibu ni Nagaa, amani, au Fayyaa, mzima. Na kama ilivyo kwetu, salamu haiishi kwa swali moja. Ukishajibu, uliza ya watoto, ya mifugo, ya mvua. Anayesalimu mara moja na kutaja shida yake papo hapo huonekana hakulelewa.

Heshima huonyeshwa kwa wingi. Mtu mzima, hata akiwa peke yake, ni "isin" (ninyi), si "ati" (wewe). Kwa hiyo:

Kwa rika lako: Akkam bulte? Galatoomi (asante). Taa'i (keti). Kottu (njoo).
Kwa mkubwa: Akkam bultan? Galatoomaa. Taa'aa. Kottaa.

Mkariri mstari wa pili kwanza. Ukimtumia kijana lugha ya heshima atatabasamu, lakini ukimwambia mzee "taa'i" umemkalisha kama mtoto. Mwanamume mzima ni Obbo, mwanamke ni Aadde, na jina linalofuata ni lake mwenyewe, kwa sababu Waoromo hawana jina la ukoo la kurithi. Linalofuata jina la mtu ni la baba yake. Ukisema "Bwana" kisha jina la pili, umemwita babaye.

Maneno mengine ya kubeba mfukoni: eeyyee (ndiyo), lakki (hapana), maaloo (tafadhali), dhiifama (samahani), suuta dubbadhu (sema polepole), naaf hin galle (sijaelewa; kwa tafsiri ya moja kwa moja "haikuniingilia", na bila shaka umeshasema hivyo hivyo kwa Kiswahili).

Hatua ya 5: Sentensi huishia na kitenzi

Ani buna dhuga. Mimi kahawa nakunywa. Huo ndio mpangilio, na haubadiliki kwa kuwa umechoka. Tazama sentensi hizi mbili kwa karibu:

Abbaan koo kaleessa gabaa deeme. – Baba yangu jana sokoni alikwenda.
Haati koo kaleessa gabaa deemte. – Mama yangu jana sokoni alikwenda.

"Koo" (yangu) imekaa nyuma ya nomino, kama kwetu. Kitenzi kimebeba mtu mwishoni, si mwanzoni: deeme kwa mwanamume, deemte kwa mwanamke. Kioromo hakina ngeli, pumzi unaweza kuishusha, lakini kina jinsia, na hata vitu visivyo na uhai huipata: jua ni la kike, hivyo aduun baate, jua limechomoza. Kisha angalia abbaan na haati. Neno likiwa peke yake kwenye kamusi ni abbaa na haadha. Linapokuwa mtenda ndipo linapobadilika mkia. Ndivyo nama (mtu) anavyokuwa namni, na buna inavyokuwa bunni. Ukitafuta "bunni" kwenye kamusi hutaipata, na wengi huacha hapo wakidhani kamusi ni mbovu.

Kukanusha ni rahisi kushinda Kiswahili chetu cha si-, hu-, ha-. Wakati uliopita ni umbo moja kwa watu wote: hin deemne. Sikwenda, hukwenda, hakwenda, hawakwenda. Wakati uliopo: hin deemu, siendi au haendi, ingawa "wewe" na "yeye" wa kike huongeza t: hin deemtu. Kusema kitu "si" fulani, malizia na miti. Barsiisaa miti, si mwalimu. Hakuna msitu hapo.

Kuna kiambishi kimoja utakipenda. Sisi husema nyumba, nyumbani. Wao mana, manatti. Maneno kama "ndani" na "chini" nayo huja nyuma: mana keessa, ndani ya nyumba, muka jala, chini ya mti.

Umiliki nao ni mwepesi. Weka kitu kwanza, mwenyewe baadaye, na urefushe irabu ya mwisho. Hakuna ya, wa, la, cha. Kwa neno mana peke yake unapata nusu ya mji: mana barumsaa (shule), mana nyaataa (hoteli ya chakula), mana murtii (mahakama), mana fincaanii (choo). Mwenye nyumba ni abbaa manaa, na ndiye mume. Mke ni haadha manaa.

Hatua ya 6: Hesabu, saa na soko

Tokko, lama, sadii, afur, shan, ja'a, torba, saddeet, sagal, kudhan. Kumi na moja ni kudha tokko. Ishirini digdama, mia dhibba. Elfu ni kuma. Ndiyo, najua. Kenya na Tanzania utaangalia pembeni mara ya kwanza, lakini huwezi kununua hata mbuzi bila kulitamka, na hakuna Mworomo anayeona unachokiona.

Mnadani mazungumzo huenda hivi:

– Akkam bultan, aabboo?
– Nagaa. Akkam bulte?
– Nagaa. Gatiin re'ee kanaa meeqa? (Bei ya mbuzi huyu ni ngapi?)
– Kuma kudha lama. (Elfu kumi na mbili.)
– Qaalii dha. Gatii hir'isaa, maaloo. (Ni ghali. Punguza bei, tafadhali.)

Umeona mpangilio wa elfu kumi na mbili? Ni wetu. Na hir'isaa imetumia heshima, kwa kuwa muuzaji ni mzee. Kijana ungemwambia hir'isi.

Saa ndiyo zawadi kubwa. Mzungu anayejifunza Kioromo huteswa na saa za Ethiopia, wewe zinakungoja. Sa'aatii tokko asubuhi ni saa moja, jua likiwa limechomoza. Sa'aatii sadii ni saa tatu. Usihesabu chochote. Tarehe ndiyo yenye shida ukivuka mpaka: Ethiopia ina kalenda yake ya miezi 13, mwaka wake huanza tarehe 11 Septemba (12 katika baadhi ya miaka), na uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Ukiwa muuguzi na mgonjwa akakutajia mwaka wa mtoto kuzaliwa, uliza ni wa kalenda gani kabla hujaandika kwenye kadi ya chanjo.

Maneno ya dukani mengi utayatambua kwa sababu yametoka Uarabuni kama yetu: sukkaara, ruuzii, saamunaa, shaayii, kitaaba. Siku pia: Kamisa na Jimaata hazihitaji tafsiri.

Hatua ya 7: Tumia majina unayoyajua

Aliyeishi Kenya tayari ana msamiati wa Kiborana bila kujua. Guyo amezaliwa mchana (guyyaa), Galgalo jioni, Halkano usiku (halkan), Roba wakati wa mvua (rooba). Kwenye ramani ya kaskazini, Dida ni uwanda, kama Dida Galgalu kati ya Marsabit na Moyale. Malka ni kivuko cha mto. Laga, ambayo Wakenya wote wa kaskazini huitumia kwa mto wa msimu, ni neno la Kioromo la mto. Chukua ramani ya Marsabit na Isiolo, kaa na Mborana jioni moja, muulize jina baada ya jina. Utatoka na maneno mengi kuliko sura nzima ya kitabu, na hadithi juu yake.

Kiungo chetu na lugha hii ni cha zamani. Ludwig Krapf, aliyetuachia kamusi kubwa ya Kiswahili, alikuwa ameshasoma Kioromo na kuandika kuhusu sarufi yake kabla hajafika Mombasa mwaka 1844. Alikuja pwani akitafuta njia ya kuwafikia Waoromo kutokea kusini. Kiswahili alikisoma akiwa njiani.

Hatua ya 8: Sikiliza, kisha soma

Qubee haina herufi ya ajabu hata moja, kwa hiyo simu yoyote inaiandika. Zima tu usahihishaji wa maneno, ama sivyo kila irabu uliyorefusha itafupishwa. Google iliongeza Kioromo kwenye huduma yake ya tafsiri mwaka 2022. Itumie kwa neno mojamoja. Kwa sentensi nzima ya kumwandikia mtu unayemheshimu, usiiamini.

Muziki ni mwalimu mzuri wa urefu wa irabu, kwa sababu mwimbaji haruhusiwi kuukosea. Anza na Ali Birra wa Dire Dawa, aliyefariki mwaka 2022: hutamka wazi na hana haraka. Hachalu Hundessa, aliyeuawa Juni 2020, ni mgumu zaidi kwa sababu mashairi yake yamejaa mafumbo, lakini vijana wengi wa Oromia wanayajua kwa moyo, na swali moja kuhusu mstari mmoja linaweza kukupatia somo la saa nzima.

Kwa kusoma, BBC imekuwa na idhaa ya Afaan Oromoo tangu 2017, na ya Kiswahili unaijua. Chukua habari moja ya dunia katika lugha zote mbili, uziweke bega kwa bega. Majina ya watu na nchi yatakuonyesha uko wapi. Anza na riadha. Derartu Tulu na Kenenisa Bekele wote wametokea Bekoji, mji mdogo wa Arsi, na habari za mbio hazikosekani. Zina sentensi fupi, tarakimu, na maneno yanayojirudia: fiigicha (mbio), mo'ate (alishinda), tokkoffaa (wa kwanza), lammaffaa (wa pili). Kuanzia wa tatu unaweza kubahatisha mwenyewe kwa kuongeza -ffaa: sadaffaa, afraffaa, shanaffaa. Mashina yanabadilika kidogo, kwa hiyo soma matokeo ya mbio nzima mpaka wa kumi kwa sauti, msemaji akiwa karibu akurekebishe.